Mkopo wa Chuo Kikuu: Tuusome Mkataba Kabla ya Kutoa Hukumu

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Ama baad:

Ndugu Waislamu, makala haya nayaandika nikiwa na deni, na deni lenyewe si la fedha. Mwaka 2022, katika darsa la baada ya Magharibi, niliulizwa kuhusu mikopo ambayo serikali huwapa wanafunzi wa vyuo vikuu. Nilijibu bila kusita kwamba ni riba, kwamba riba ni vita dhidi ya Allah na Mtume wake, na kwamba mzazi mwenye ghera na dini yake asimtie mwanawe humo. Nilitaja aya za mwisho wa Suratul Baqara, nikasoma na maneno ya wafasiri, watu wakatikisa vichwa kukubali. Upande wa kina mama alikuwapo mama wa binti mmoja niliyemsomesha Qur'ani tangu akiwa hajui kuitofautisha baa na taa. Binti huyo alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka huo huo, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na amepata nafasi ya kusomea famasia. Baba yake ni fundi cherehani mwenye watoto watano. Hawakuja kuniuliza zaidi. Neno la maalim liliwatosha. Mkopo haukuombwa, ada haikupatikana, na nafasi akapewa mwingine.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimehukumu juu ya mkataba ambao sikuusoma. Nilichokuwa nacho kichwani ni mazungumzo niliyoyasikia kwa Watanzania wenzangu tulipokuwa masomoni Khartoum, nao waliyasikia kwa ndugu zao waliobaki nyumbani. Yalikuwa maneno ya kweli kwa wakati wake, lakini wakati ule ulikuwa umekwisha kupita.

Basi tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake. Katika miaka ya mwanzo baada ya uhuru, aliyefika chuo kikuu alisomeshwa na serikali kwa kila kitu, hata nauli ya kwenda na kurudi. Hali ya uchumi ilipobadilika ikaja sera ya kuchangia gharama, na katika kuitekeleza ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina Bodi yake. Mwanafunzi hukopeshwa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na utafiti, kila kifungu kwa kiwango kinachotegemea uhitaji wake, kisha hurejesha baada ya kuhitimu. Mpaka hapo hakuna neno la kusema kisharia. Kumkopesha mtu fedha ili aje azirejeshe kwa idadi ile ile ni katika matendo mema makubwa, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kutufundisha namna ya kuliandika deni na kulishuhudisha.

Matatizo yalikuja pale ilipowekwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lililobaki, ikaitwa tozo ya kutunza thamani ya mkopo. Mwenye kudaiwa shilingi milioni 10 akawa anaongezewa shilingi laki 6 kila mwaka, na kijana aliyekaa mtaani miaka mitano bila ajira alikuta deni lake limekua huku yeye akidhani limelala. Walioitetea walisema shilingi hupungua nguvu, na kwamba anayerejesha milioni 10 baada ya miaka kumi anarejesha kitu pungufu kuliko alichochukua. Hoja hii si ya kipuuzi, na wanazuoni wetu waliijadili kabla hata Bodi haijazaliwa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait mwaka 1988 na likaamua kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, halilipwi kwa thamani yake, na kwamba haijuzu kulifunga deni na kupanda kwa bei za vitu. Kwa hiyo jina la kutunza thamani halikubadilisha chochote. Waliosema miaka ile kwamba huo ulikuwa mkopo wenye riba walisema haki, na waliojizuia nao kwa ajili ya Allah, malipo yao yako kwa Allah.

Lakini siku ya Mei Mosi mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na kufutwa huko kukaanza kazi tarehe 1 Julai mwaka ule. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha nayo ilitangazwa kuondolewa. Hili halikuwa jambo la siri: liliandikwa magazetini na kusomwa redioni, na wafanyakazi walilishangilia kwa sababu zao za mishahara. Sisi tuliopaswa kulishangilia kwa sababu ya dini tulikuwa wapi? Mimi nilikuwa nafundisha nahau, na nakiri kwamba taarifa za habari sizifuatilii kama inipasavyo. Wenzangu wengi walikuwa kama mimi. Ndiyo maana mpaka leo ukipita misikitini utasikia khutba zikiipiga vita asilimia 6 ambayo haipo tena.

Kanuni ya wanazuoni wa usuli inajulikana na kila aliyekaa mkekani: hukumu huzunguka pamoja na illa yake, ikiwapo nayo ipo, ikiondoka nayo huondoka. Pombe iliyogeuka yenyewe kuwa siki hatuendelei kuiita haramu kwa kuwa jana ilikuwa pombe.

Limebaki swali la ada ya uendeshaji. Katika mikataba ya mikopo hii kumekuwa na ada ya asilimia 1 inayotozwa mara moja tu. Juu ya hili pia tunayo rejea. Baraza lile lile, katika kikao chake cha Amman cha mwaka 1986, liliulizwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kuhusu ada ya huduma katika mikopo isiyo na faida, likajibu kwamba inajuzu kwa sharti isizidi gharama halisi za kuihudumia mikopo hiyo, na kila kinachozidi gharama halisi ni riba. Ukilipima hili la kwetu utaona mambo mawili yanayovutana. Upande mmoja, ada hii hutozwa mara moja na haikui kwa kupita siku, na kukua kwa kupita siku ndiyo alama kuu ya riba ya deni. Upande wa pili, kuipima kwa asilimia kunatia shaka, kwa sababu kalamu na karatasi za mkopo wa milioni 12 hazigharimu mara mbili ya zile za mkopo wa milioni 6. Mimi naona ni ada ya huduma na simkatazi mwanafunzi kwa sababu yake. Hata hivyo, ingelikuwa bora jumuiya zetu ziiandikie Bodi kwa adabu na kuomba ada hiyo iwekwe kwa kiwango maalumu cha shilingi. Barua ya namna hiyo ina manufaa kuliko khutba kumi za kulalamika. Na kila anayekopa ausome mkataba wake yeye mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, maana masharti yaliyobadilika jana yanaweza kubadilika kesho. Waliokopa zamani nao waende wakachukue taarifa za madeni yao, wasitegemee ya kusikia.

Hapa pana tahadhari moja. Niliyoyasema yanahusu mkataba wa nchi moja. Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Nairobi wana Bodi yao, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, nayo hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mtu wa Tanga asimpigie simu binamu yake wa Mombasa akamwambia kwamba maalim amehalalisha. Huko illa ipo, na hukumu yake ipo pamoja nayo. Wajomba zetu walioko Uingereza nao wana kisa chao. Waziri Mkuu David Cameron aliwaahidi Waislamu mwaka 2013 kwamba utatafutwa utaratibu wa mikopo ya wanafunzi usio na riba, sheria ya kuuruhusu ikapita mwaka 2017, na mpaka mwaka 2024 utaratibu wenyewe ulikuwa haujaanza. Vijana wengi wa Kiislamu wa huko wameingia chuo na kutoka wakiungojea. Tukiliangalia hilo tutajua kwamba sisi tulipewa mwaka 2021 kitu ambacho wenzetu wamekiomba zaidi ya miaka kumi, na tumekitupa nyuma ya migongo yetu kwa kutokujua.

Ewe kijana uliyekopa au unayekusudia kukopa, nawe nina neno nawe, na usilichukie. Kujuzu kwa mkopo hakukuruhusu kuuchezea. Nimewasikia wahitimu, wengine wakiwa na ndevu na suruali zilizokatwa juu ya kifundo cha mguu kwa kufuata Sunna, wakisema kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe, na kwamba mjanja ni yule aliyejificha asikatwe. Subhanallah! Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile juu yake. Na imepokewa na Muslim kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Ikiwa aliyekufa katika njia ya Allah anaulizwa, wewe uliyekufa na simu mpya mkononi huku unadaiwa ada utasema nini? Kiasi unachorejesha leo ndicho anachokopeshwa mdogo wako kesho. Sheria imeweka makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa walioajiriwa. Kiwango hicho ni kizito, nakubali, nao waliosaini zamani makato yakiwa asilimia 8 wana haki ya kulalamika kwamba yaliongezwa njiani. Lakini makato mazito siyo riba, nako kukwepa deni siyo uchamungu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kila mwaka nawaona watoto wa masikini wakikosa mkopo, na nikichunguza sababu nakuta si uonevu wala si udini, ijapokuwa ndiyo maneno ya kwanza tunayoyakimbilia. Nakuta cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa na RITA. Nakuta yatima ambaye baba yake alizikwa kwa heshima zote, msikiti ukajaa mpaka uani, lakini hakuna aliyekumbuka kufuatilia cheti cha kifo. Sasa anaomba mkopo kama yatima na hana karatasi ya kuthibitisha uyatima wake. Nakuta fomu isiyo na sahihi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au jina la Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa na Hamisa kwenye cheti cha kidato cha nne. Nakuta familia iliyokuwa katika mpango wa TASAF ambayo haikutaja jambo hilo kwa kuona haya, na hali hilo ndilo ambalo lingewapa kipaumbele. Haya hayahitaji mufti. Yanahitaji mtu mmoja msikitini mwenye subira, mwenye simu ya intaneti na anayejua kusoma maelekezo mpaka mwisho, akae na watoto hawa kuanzia mwezi wa Januari na asingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Tunao vijana wanaojua kupanga ratiba ya timu zote za Ulaya, hili litawashinda?

Wajue pia kwamba milango imeongezeka. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa, na mwaka ule ule ukaanza ufadhili ulioitwa kwa jina la Rais Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi, ambao haurejeshwi. Mwaka 2023/2024 mikopo ikafunguliwa pia kwa wanaosoma stashahada katika baadhi ya fani kama vile afya na ualimu. Yupo mzazi anayemwambia mwanawe kwamba kwa kuwa hukupata chuo kikuu basi kaa dukani, wala hajui kwamba mlango huo upo.

Sasa niingie katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote, nalo ni zaka. Wako watakaobaki na shaka juu ya mkopo wa serikali, nami siwalaumu. Kujiepusha na lenye kutatiza ni katika dini. Lakini anayemwambia kijana asikope analazimika amwoneshe njia nyingine, la sivyo amefunga mlango na kuondoka na ufunguo. Na njia nyingine tunayo mikononi. Imam an-Nawawi, katika kitabu chake al-Majmu', ameeleza kwamba mtu mwenye nguvu za kuchuma, lakini ameshughulika na kutafuta elimu ya sharia kiasi kwamba angekwenda kuchuma ingemkatikia, huyo ni halali kwake kupewa zaka, kwa sababu kutafuta elimu ni faradhi ya kutoshelezana. Kisha akasema kwamba aliyeacha kuchuma kwa kujishughulisha na sala za sunna hapewi. Tazameni uzito wa tofauti hii: mwenye kusali usiku kucha aende akafanye kazi, na mwanafunzi apewe!

Atasema msemaji kwamba an-Nawawi amekusudia elimu ya sharia, na famasia siyo. Nasema kweli, lakini illa aliyoitaja ni faradhi ya kutoshelezana, na Imam al-Ghazali ameitaja tiba na hesabu wazi wazi, mwanzoni mwa Ihyaa Ulumid-Din, kuwa ni katika faradhi za namna hiyo. Tena akalalamika kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu ila asiye Mwislamu, na hakuna aliyejali, huku watu wakirundikana kwenye fiqhi ya mabishano kwa kuwa ndiyo inayowafikisha kwenye vyeo na usimamizi wa wakfu. Amefariki mwaka 1111, na aliyoyasema ukiyaleta kwetu leo hayahitaji kufanyiwa marekebisho makubwa. Tunataka wake zetu wazalishwe na wanawake wenzao, na tunalisema hilo kwa sauti kubwa. Hao wakunga na madaktari wa kike watatoka wapi ikiwa mabinti wetu wanaishia kidato cha sita kwa kukosa ada?

Na fungu jingine limesahauliwa kabisa. Katika wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba wamo wenye madeni. Mhitimu aliyekopa kwa jambo la halali, akamaliza, akakosa kazi, na deni lipo shingoni mwake, huyo ni katika wenye madeni kwa dhahiri ya aya. Nimekaa katika kamati za kugawa zaka kwa miaka kadhaa. Sijamwona hata mmoja akipewa kwa fungu hilo. Nilichokiona ni mchele, sukari na kanga za Ramadhani, jambo jema ambalo sikatazi, lakini mchele huliwa na Shawwal huingia na masikini yuko pale pale alipokuwa.

Wahenga wetu katika dini hawakuiacha elimu iishi kwa michango ya dharura. Nizamul Mulk alipoifungua Nizamiyya ya Baghdad mwaka 1067 aliiwekea wakfu wa kuiendesha, na mwanafunzi alipata mahali pa kulala na chakula, hakuulizwa baba yake ana nini. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar akauliza aifanyeje, akaongozwa kuuzuia mtaji na kutoa matunda yake. Hapa kwetu pia hatukukosa watu wa kuanza. Zanzibar ilipata vyuo vikuu viwili vya Kiislamu mwaka 1998, cha Tunguu na kile cha Chukwani ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dokta Abdulrahman as-Sumait wa Kuwait, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Lakini majengo bila ya wakfu wa wanafunzi yanamfikisha masikini getini tu. Kijana wa Kiislamu aliyekosa ada haingii chuo cha Waislamu kama vile asivyoingia kingine.

Na mimi ni shahidi wa udhaifu wa kutegemea mkono wa mbali. Nimesomeshwa Khartoum bure, chakula, malazi na vitabu, na mpaka nafa nitawaombea dua Wasudani. Wenzangu wamesomeshwa Madina, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kimekuwa kikipokea wanafunzi wa dunia nzima tangu mwaka 1961, na wengine al-Azhar. Neema hii tunaishukuru. Lakini tumeona mashirika kadhaa ya Ghuba yakifunga ofisi zake baada ya Septemba 2001, na mayatima waliokuwa wakilipiwa shule wakarudishwa nyumbani kwa barua ya siku moja. Na Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, wadogo zetu waliokuwa masomoni walirudishwa Tanzania, wengine na begi moja, wengine bila ya vyeti vyao. Hapana aliyekosea katika hao. Ila mfuko ambao kamba yake imefungwa nchi nyingine hukatika na wewe umelala.

Upo mfano ninaoupenda. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu tangu mwaka 1983 imekuwa ikiwasomesha vijana wa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, hasa katika tiba na uhandisi. Kwa kijana, fedha ile ni mkopo usio na riba. Kwa jamii yake, ni zawadi. Maana yake kijana akimaliza hairudishii Benki, anaurudishia mfuko wa Waislamu wa kwao ili asomeshwe mwingine. Fedha iliyotoka Jedda mara moja inabaki ikizunguka mjini kwenu. Kinachoharibu mpango kama huu ni kimoja tu, nacho ni mwenye kuhitimu akasahau.

Tuupige hesabu mfuko wa namna hiyo kwa msikiti mmoja wa kawaida. Waumini 300 wa Ijumaa wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki, ni shilingi 300,000, na kwa wiki 52 ni shilingi 15,600,000. Ada ya mwaka kwa kozi nyingi za vyuo vya umma ni kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu. Basi msikiti huo unaweza kulipa ada za wanafunzi kumi, na kila wanaporejesha wengine wanaingia. Najua mtasema hesabu za karatasini ni tamu. Sisi wenyewe tuliwahi kuanzisha mfuko, ukafa mwaka wa pili. Haukufa kwa kukosa fedha. Ulikufa kwa sababu mikopo mitatu ya kwanza walipewa watoto wa wanakamati, haikuandikwa, na ilipofika siku ya kudaiana tukaoneana haya. Aya ya deni tulikuwa tumeihifadhi wote.

Kwa hiyo sasa tunaanza upya kwa masharti mengine. Fedha ya zaka ina daftari lake na fedha ya sadaka lake, maana zaka humilikishwa mwenye kustahiki na haikopeshwi. Kila mkopo unaandikwa na mashahidi wawili wanasaini. Jina la aliyekopeshwa linasomwa kwenye kamati na mwanakamati mwenye mtoto anayeomba anatoka nje. Hesabu inabandikwa ukutani kila baada ya miezi mitatu, pale pale panapobandikwa nyakati za sala. Kama kuna msikiti unaofanya vizuri zaidi ya hivi, tunaomba utufundishe.

Nimalizie na yule binti. Mwaka 2024 nilikwenda kwa baba yake baada ya Alasiri, nikamkuta anashona shati la shule. Nikamwambia, "Mzee wangu, lile jambo nililolisema msikitini nilikosea, na nimekuja kukutaka radhi." Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka akafika mwisho wa mshono, akakata uzi, akasema, "Maalim, mimi sikukulaumu hata siku moja. Nilijua huo mkataba umeusoma."

Sikuwa na la kujibu. Binti alikuwa akifundisha watoto wadogo chekechea, akaomba upya mwaka ule. Vyeti vyake nilivipeleka kuhakikiwa mimi mwenyewe, na kwa mwenyekiti wa mtaa nilikwenda naye mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hatukumkuta. Kwenye nafasi ya mdhamini, baba yake alinisogezea kalamu, nami nikausoma mkataba wote, kisha nikaandika jina langu.

Wallahu a'alam.